Maswali yenu ya hoki: Winnipeg waliongoza ligi nzima, kombe likaenda Florida

Toleo lililopita nilichomekea mistari miwili tu kuhusu fainali ya NHL, ile ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, nikijua hakuna atakayeisoma. Kumbe! Maswali yamemiminika, Nairobi wameandika, Tabata wameandika, Muscat wameandika, na wengi zaidi ni ndugu zetu walioko kule kule kwenye baridi. Basi leo Simba na Yanga wapumzike kidogo. Msimu tunaouongelea ni wa 2024-25, ulioanza Oktoba 2024 ukaisha Juni 17, 2025 pale Florida Panthers walipowamaliza Edmonton Oilers.

Ndugu mwandishi, mi natokea Bukavu, naishi Winnipeg na familia. Kazini wote walikua wanavaa jezi za Jets, wakaniambia tumekua wa kwanza ligi nzima, nikafurahi nao, nikanunua na kofia. Mwezi wa tano wakatolewa. Sasa kama ulikua wa kwanza unatolewaje? Ao walinidanganya?
*Baba wa watoto watatu, Winnipeg*

Hawajakudanganya ndugu yangu, na kofia usiitupe. Jets kweli walikua wa kwanza, pointi 116, mechi 56 walishinda, hakuna timu iliyowafikia. Na walipewa kikombe chao kabisa, kinaitwa Presidents' Trophy, ila kule hakuna anayekesha barabarani kwa ajili ya kikombe hicho.

Iko hivi. Timu ziko 32, msimu ule kila moja ilicheza mechi 82 toka Oktoba mpaka katikati ya Aprili. Ukishinda pointi mbili, ukifungwa ndani ya dakika 60 huna kitu, ukifungwa kwenye nyongeza au penalti unaambulia moja. Baada ya hapo timu 16 zinaingia mtoano, nane kanda ya mashariki nane ya magharibi, na hapo ndo mambo yanaanza upya maana pointi zote zinafutwa, mwenye 116 na mwenye 96 wanaanzia sifuri. Mnakutana nyie wawili tu, mnachezeana mpaka mmoja ashinde mara nne, anayebaki anapanda raundi nyingine. Raundi nne. Kwahiyo kombe lenyewe, Stanley Cup, linataka ushindi wa mechi 16, na unaweza kucheza siku moja ukapumzika moja kwa miezi miwili. Kuongoza ligi kunakupa kitu kimoja tu, kwamba mkifika mechi ya saba inachezwa kwako.

Na Jets wenu hiyo mechi ya saba waliihitaji mapema mno. Raundi ya kwanza walipangiwa St. Louis Blues walioingia kwa kusukumana mlangoni, watu wakaona hii kazi rahisi. Golikipa wa Jets, Connor Hellebuyck, ndo msimu huo alichukua tuzo ya kipa bora NA ya mchezaji bora wa ligi nzima, lakini kila walipokwenda kucheza St. Louis alifungwa mpaka kocha akamtoa, mechi tatu za ugenini zote tatu! Mechi ya saba Mei 4, zimebaki dakika mbili hivi, Winnipeg wako nyuma 3-1. Wakamtoa kipa wakaongeza mshambuliaji, wakapata moja, alafu zikiwa zimebaki sekunde tatu tu Cole Perfetti akasawazisha. Nyongeza ya kwanza ikapita bila bao, ya pili kepteni Adam Lowry akamaliza. Kama ulikua mtaani usiku ule najua ulisikia honi.

Raundi ya pili wakakutana na Dallas Stars na hapa mi nawaonea huruma mpaka leo. Usiku wa kuamkia mechi ya sita, baba yake Mark Scheifele akafariki ghafla. Scheifele ni mshambuliaji wao tegemeo. Asubuhi ameamka ana msiba, jioni akaingia uwanjani, akafunga bao la kwanza la mechi. Zikiwa zimebaki sekunde kama 15 mechi iko 1-1, mtu wa Dallas anatoka mbio peke yake kuelekea golini, Scheifele akamwangusha ili asifunge. Adhabu dakika mbili. Nyongeza inaanza yeye yuko amekaa kwenye kibanda cha adhabu, wenzake wako pungufu, na hata dakika mbili hazijaisha Thomas Harley wa Dallas akafunga, msimu wa Jets ukaishia hapo. Wenzake walimfuata pale pale alipo. Alafu kwenye ule mstari wa kupeana mikono ambao hoki wanafanya kila raundi ikiisha, wachezaji wa Dallas walikua wanamshika wanamkumbatia mmoja mmoja, hawapiti haraka kama siku nyingine.

Kwahiyo jibu lako baba, wa kwanza mlikua nyie, ila bingwa anatafutwa Juni.

Sasa Florida ni kwenye joto na mamba, barafu wanaijulia wapi? Na nimeona watu wanalalamika eti walicheza na mahesabu ya mishahara wakati wengine wanafuata sheria. Nieleze vizuri bila kuwapendelea.
*Mhasibu, Nairobi*

Mhasibu umeuliza swali la kazini kwako kabisa.

Barafu inatengenezwa, uwanja wao uko Sunrise pembeni ya Fort Lauderdale, nje watu wako na kaptula ndani kuna barafu. Hilo liishe.

La hela. NHL ina kikomo cha mishahara, msimu ule ilikua dola milioni 88 kwa timu, hakuna kuzidisha, hata uwe tajiri wa mafuta. Sasa kulikua na sheria kwamba mchezaji akiumia muda mrefu, unaruhusiwa kusajili wengine kwa kiasi kinacholingana na mshahara wake ili usikwame. Na kikomo kilikua kinahesabiwa kwenye ligi ya kawaida tu, mtoano ukianza hakuna anayehesabu. Umeona mlango uko wapi?

Februari 2025 ligi ilisimama kupisha mashindano ya mataifa manne, Matthew Tkachuk wa Florida akaumia paja akiichezea Marekani. Florida wakamweka kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, ikapatikana nafasi ya hela, Machi 1 wakamchukua beki Seth Jones kutoka Chicago, Machi 7 wakamchukua Brad Marchand, kepteni wa Boston Bruins. Tkachuk akakaa nje mpaka ligi ikaisha, alafu mechi ya kwanza ya mtoano huyu hapa, na akafunga mawili. Ghafla Florida wana wote watatu.

Ni ujanja? Ndiyo. Ni kosa? Hapana, sheria ndo ilikua hivyo, na Tkachuk hakuigiza maana baada ya fainali ilijulikana kwamba msuli wake ulikua umechanika mpaka kwenye mfupa. Vegas na Tampa walishapita njia hiyo hiyo huko nyuma. Ila ligi yenyewe ilijua imevuja, mkataba mpya na wachezaji umeweka kikomo mpaka kwenye mtoano kuanzia msimu uliofuata. Na kuna la kodi pia ambalo wengi mnalisahau, jimbo la Florida halikati kodi ya mapato ya jimbo, Texas pia hawakati, mchezaji mwenye mkataba wa dola milioni kumi Florida na mwenzake wa milioni kumi hiyo hiyo Montreal hawaondoki na kitu sawa.

Lakini mkiniuliza mimi hela haikumaliza kazi. Florida walimaliza wa tatu kwenye kundi lao, pointi 98, Toronto na Tampa walikua juu yao. Wakamtoa Tampa 4-1, wakamtoa Toronto 4-3, Carolina 4-1, na Edmonton 4-2. Raundi zote nne walikua hawana uenyeji, kila mara wanaanzia ugenini. Walichokua nacho ni benchi. Kwenye hoki mtu anakaa uwanjani chini ya dakika moja anatoka, wanaingia wengine, wanakimbizana hivyo mechi nzima kwahiyo timu yenye nyota wawili na waliobaki wa kujazia, Juni inakua imechoka. Edmonton wana Connor McDavid na Leon Draisaitl, hapa duniani sijui kama kuna wawili wanaowazidi, na Draisaitl alifunga mabao ya nyongeza manne kwenye mtoano mmoja, rekodi. Mawili kati ya hayo kwenye fainali yenyewe, mechi ya kwanza na ya nne. Ile ya nne Edmonton walikua wamechapwa 3-0 kipindi cha kwanza wakarudi wakashinda 5-4!

Ila Marchand ambaye Florida alikua anacheza mstari wa tatu, yaani sio hata kikosi cha mbele, alifunga mabao sita kwenye fainali akiwa na miaka 37. Sam Reinhart alifunga manne peke yake mechi ya sita, 5-1. Sam Bennett mabao 15 mtoano mzima akabeba tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Kila siku anafunga mwingine, utamkaba nani?

Kilichonifurahisha zaidi ni mwisho. Kepteni Aleksander Barkov alipokabidhiwa kombe, badala ya kuwapa wakubwa wenzake waliolibeba mwaka uliotangulia, akampa Nate Schmidt, beki mzoefu ambaye hakuwahi kulishika, likazunguka kwanza kwa wale wageni. Kombe lina kilo 15 na ushee alafu watu wamecheza toka Oktoba, wengine wana mbavu zilizovunjika, ila hakuna anayelalamika uzito.

Shikamoo mwandishi. Mwanangu wa kidato cha pili anaangalia huo mchezo kwa simu, juzi nikachungulia nikaona watu wazima wanapigana ngumi na refa amesimama anawaangalia. Huo ni mchezo gani?
*Mama, Kisauni, Mombasa*

Marahaba mama. Refa anasubiri waanguke au wachoke ndo awaachanishe, maana akiingia kati ataumia yeye, ni watu wenye visu miguuni. Wakimaliza kila mmoja anaenda kukaa kibandani dakika tano. Hairuhusiwi, inalipiwa. Msimu ule kwenye hayo mashindano ya mataifa manne, Kanada na Marekani walipokutana Montreal Februari 15, zilipigwa ngumi mara tatu ndani ya sekunde tisa za mwanzo, Tkachuk yule na mdogo wake Brady wakiwemo. Siku hizo siasa za ushuru kati ya nchi mbili zilikua zimechemka, wimbo wa taifa wa Marekani ulizomewa. Marekani walishinda siku hiyo, fainali Boston Kanada wakalipa 3-2, bao la McDavid kwenye nyongeza.

Ngumi zenyewe zimepungua sana ukilinganisha na zamani mama. Mwache aangalie, ila homework kwanza.

Hivi ni kweli mchezaji anaweza kuhamishwa timu bila kuulizwa? Yaani unaamka unaambiwa pakia mizigo?
*Dalali, Tabata*

Kweli kabisa, isipokua kama mkataba wako una kipengele cha kukataa. Timu mbili zinabadilishana watu na haki za kuchagua vijana, hela ya uhamisho kama ya mpira hakuna. Na mfano wa msimu ule ni mtamu, dalali kaa vizuri.

Mikko Rantanen, Mfini, alikua Colorado Avalanche miaka yote, bingwa wa 2022. Mkataba unaisha, hawakuelewana bei. Januari 24 akapelekwa Carolina. Carolina hakupaona kama nyumbani, akacheza mechi 13 tu, hakutaka kusaini mkataba mrefu, Carolina wakaona atawatoka bure, Machi 7 wakampeleka Dallas na yeye Dallas akasaini miaka minane, dola milioni 96. Timu tatu ndani ya wiki sita!

Sasa raundi ya kwanza Dallas kapangiwa nani? Colorado. Mechi ya saba Mei 3, Colorado wanaongoza 2-0 kipindi cha mwisho. Rantanen akafunga la kwanza, akazunguka nyuma ya goli akaingiza la pili, mwenzake Wyatt Johnston akaweka la tatu, Rantanen tena la nne wakati kipa ametolewa. Hat-trick, Colorado nje. Mi sijui kama nitaona tena kisasi cha namna hiyo.

Mzee Ovechkin ile rekodi aliivunja kihalali au walimwachia? Kipa alikua Mrusi mwenzie.
*Shabiki, Muscat*

Wewe una fitina lakini nakujibu. Wayne Gretzky alistaafu 1999 na mabao 894, mengi kuliko yeyote kwenye NHL, watu wakasema hiyo haitaguswa. Alex Ovechkin wa Washington Capitals alianza msimu ana 853, Novemba akavunjika mguu, akakosa mechi 16. Miaka 39! Watu wakasema basi, mwakani. Akarudi akaendelea kufunga tu kama hakuna kilichotokea. Aprili 6, 2025, uwanja wa New York Islanders, Capitals wako wengi uwanjani sababu Islanders wana adhabu, Tom Wilson akampasia, yeye amesimama upande wa kushoto pale pale alipofungia maisha yake yote, akapiga, 895. Akajirusha kwa tumbo akateleza kwenye barafu kama mtoto. Mechi ikasimamishwa, Gretzky mwenyewe akashuka kumpongeza, mama yake Ovechkin na mke wake wakaletwa uwanjani.

Kipa Ilya Sorokin alikua hajawahi kufungwa na Ovechkin kabla ya siku hiyo, kwahiyo hiyo nadharia ya kuachiwa haisimami. Alafu Islanders ndo walioshinda mechi, 4-1. Na kuna kimoja cha ajabu, ilikua mechi ya 1,487 ya Ovechkin, idadi ile ile ya mechi alizocheza Gretzky maisha yake yote ya NHL. Akamaliza msimu na 897.

Mbona watu wa Toronto wana roho ya msiba kila mwezi wa tano?
*Nesi wa zamu ya usiku, Toronto*

Dada, kombe lao la mwisho ni 1967. Msimu ule waliongoza kundi lao, wakawa wanaongoza Florida kwa mechi 2-0 raundi ya pili, wakafungwa mechi ya saba nyumbani kwao 6-1, watu wakarusha jezi uwanjani. Marchand tena alikuwepo. Jamaa ameshawatoa Toronto kwenye mechi ya saba mara tano, nne akiwa Boston. Wagonjwa wako wakikujibu vibaya mwezi wa tano wasamehe. Na sio Toronto pekee, mpaka Juni 2025 hakuna timu ya Kanada iliyokua imebeba kombe toka Montreal 1993.

Kuna watu weusi huko? Na sisi huku tuna hata uwanja mmoja?
*Mwanafunzi, Juja*

Wapo, sio wengi. Wa kwanza ni Willie O'Ree, aliingia na Boston Januari 18, 1958, na alikua haoni jicho la kulia, akaficha ili asiondolewe. Fainali ya 2025 ilikua na Seth Jones wa Florida upande mmoja, Darnell Nurse na Evander Kane wa Edmonton upande wa pili. Jones baba yake ni Popeye Jones aliyecheza NBA, familia ilipokua Denver watoto wakapenda hoki, baba akaenda kumuuliza nyota wa Colorado Joe Sakic afanye nini, akaambiwa kitu cha kwanza wajue kuteleza vizuri. Kyle Okposo aliyebeba kombe na Florida 2024 baba yake ni Mnigeria.

Na nyumbani upo, mwanafunzi, ni mwendo wa matatu kutoka kwako! Hoteli ya Panari, Mombasa Road, kuna uwanja wa barafu toka 2005, mdogo kuliko wa kawaida lakini ni barafu ya kweli. Hapo ndo wanafanyia mazoezi Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wako chumba cha kubadilishia nguo wakajua wataenda kucheza mechi ya kirafiki tu, wakaingia nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wamevaa jezi za Ice Lions, wakacheza nao timu moja. 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia la hoki. Shida yao kubwa ni kwamba uwanja ni wa hoteli, wanapanga foleni na wateja wengine wanaokuja kuteleza wikendi.

Niangalie saa ngapi bila kufukuzwa kazi?
*Dereva wa bodaboda, Tabata*

Mechi nyingi za mashariki mwa Marekani zinaanza saa moja jioni kwao, kwako ni saa nane usiku Oktoba, wao wakirudisha saa nyuma mwezi wa kumi na moja inakua saa tisa. Achana nazo. Tafuta mechi za mchana za Jumamosi na Jumapili, zinaangukia saa mbili mpaka saa tano usiku kwetu. Au za Los Angeles na Vancouver, kipindi cha baridi zinaanza saa kumi na mbili asubuhi yetu, unaangalia kipindi cha kwanza na chai kabla hujatoka. Simu weka chaji usiku.